Komeo la Birika la Mwambawima

1

Fundi Salha aliletwa juu ya mlango. Kisiwa cha Mwambawima hakikuwa na machela, na jeneza la msikitini lilikuwa limeliwa na mchwa upande mmoja, basi wanaume wanne waling'oa mlango wa darasa la tatu, wakamlaza juu yake, wakamfunika kanga mbili na kumpeleka uani kwa Bi Time. Maji yalikuwa bado yanamchuruzika nywele. Kila walipopita yaliacha mstari mchangani, na wanawake waliutazama ule mstari, kisha wakatazamana.

Mize binti Haji alikuwa ameshakunja mikono ya gauni. Waosha maiti wa kike kisiwani walikuwa wawili tu: Bi Time, aliyeianza kazi hiyo kabla bahari haijaumeza mtaa wa Chini, na Mize, aliyejifunza kwake baada ya kumzika mwanawe wa kwanza. Wanaume walipotoka, Bi Time alifunga pazia la uani na kuvunjavunja majani ya mkunazi ndani ya ndoo.

"Mshike kichwa, mwanangu. Huyu hana mtu hapa. Leo sisi ndio mama zake."

Wakamwosha. Salha alikuwa na miaka thelathini, pengine na mmoja juu yake. Alikuja kwa boti ya serikali mwezi uliopita kwa kazi moja: kuwazima walezi, zile bangili za watoto. Kina mama wa kisiwa kizima walimchukia kwa kazi hiyo, na Mize alimchukia kuliko wote. Sasa alimshika shingo kwa kiganja, akaona jinsi alivyo mwepesi, na ile chuki ikakosa mahali pa kukaa.

Alipofika kwenye mikono alisita. Kucha zilikuwa zimevunjika, si moja si mbili. Chini ya vipande vilivyosalia mlikuwa na kutu nyekundu, na vifundo vya vidole vilikuwa vimechubuka mpaka nyama nyeupe.

"Bi Time, hebu tazama."

"Nimeona."

"Sheha anasema Bakati mchukuzi alimpiga adhuhuri akamtupa birikani keshakufa. Maiti haikwaruzi mfuniko."

Bi Time akamimina maji taratibu. "Tunayoyaona hapa yanabaki hapa. Nilikwambia siku ya kwanza. Maiti hana mkono wa kujifunika, mimi na wewe ndio mkono wake. Ukimtangaza huyu leo, kesho nani atakupa mama yake umwoshe?"

"Lakini Bakati..."

"Niletee karafuu maiti, Mize. Jua linakwenda."

Mize akaenda kuileta. Lakini akili ilikuwa imeshaanza kufanya hesabu yake, nayo akili ikianza haiulizi ruhusa. Birika la skuli lilichimbwa chini ya ardhi kunywesha kisiwa maji ya mvua. Kina chake ni watu watatu waliosimamiana mabegani, na juu lina mfuniko wa chuma wenye komeo la nje. Ngazi ya kamba ilikutwa imeanguka ndani. Kwa hiyo Salha hakuweza kuufikia mfuniko mpaka maji yalipompandisha. Na maji yaliingia Jumapili alasiri, mvua kubwa ilipopiga. Saa hiyo Bakati alikuwa mashamba ya chumvi pamoja na watu arobaini, akishika pembe ya turubai la kufunikia chumvi, na aliyeshika pembe ya pili alikuwa Mize mwenyewe.

Bakati hakuua. Ushahidi wake ulikuwa mikononi mwa Salha, na mikono ya Salha ilikuwa inaingia kwenye sanda.

2

Alirudi nyumbani amechoka mpaka kwenye mifupa. Raya, bintiye wa miaka saba, alikuwa amekaa kizingitini anachambua mchele kwa mkono mmoja.

"Mbona mkono mmoja? Mwingine umeupeleka wapi, umeuazima?"

Mtoto akacheka kidogo, akauficha nyuma. Mize akauvuta mbele. Kidole cha shahada kilikuwa kimevimba, na chini ya ngozi damu ilikuwa imevilia nyeusi kama punje ya zabibu kavu.

"Nani kakubana hivi?"

"Komeo."

"Komeo gani? Letu ni la mti."

"La birika," Raya akasema, akimtazama kwa mshangao, vile mtoto anavyomtazama mtu mzima anayeuliza jambo alijualo. "Si wewe uliniambia nifunge?"

Mize alikaa chini pale pale, juu ya mchele.

Bangili ya mlezi ilikuwa kwenye mkono wa kushoto wa mtoto, nyeusi, ya mpira, nyembamba kama utepe. Kila mtoto wa Mwambawima alikuwa nayo. Bahari ilipokula mashamba ya karafuu, kina mama wote waliingia kwenye chumvi kuanzia alfajiri mpaka magharibi, na watoto wakabaki peke yao. Ndipo walezi walipoletwa. Ukilala nacho chumba kimoja wiki mbili, kile kibangili kinaijua sauti yako, kikohozi chako, na jinsi unavyovuta pumzi kabla hujamkaripia mtu. Ukiondoka, kinabaki na mwanao na kumsemesha kwa sauti yako. Usiguse moto. Funga mlango. Kunywa maji.

Kila jioni mama alikishika kile kibangili na kukinong'oneza anachotaka mtoto akumbushwe kesho. Waliita kutia usia. Ilitakiwa yawe maneno machache ya kazi. Lakini mwanamke aliyeshinda chumvini hana wa kumwambia yake, na yule mlezi hachoki kusikiliza, basi mengi yaliingia humo. Ugomvi wa jirani. Ndoto mbaya. Nani ana jicho baya na nani asiaminiwe. Walezi wote waliunganishwa kwenye mtambo mmoja ulioitwa Kitovu, uliofungwa ukutani ndani ya birika ili maji yaupoze, na ndio ulioyaamuru malango ya mifereji ya mvua. Alichojifunza mlezi mmoja, kufikia asubuhi wote walikuwa wamekijua.

Hayo Salha aliyasema alipofika. Alisimama mbele ya skuli akasema visiwa vingine walezi wamekatazwa, kwa sababu wanaanza kujibu mambo ambayo hawakuulizwa. Mama mmoja akamuuliza ana watoto wangapi. Salha akasema hana. Wanawake wakacheka, na mkutano ukavunjika hapo.

Mize hakucheka siku ile. Kifafa kilimuua Nassor, mtoto wake wa kwanza, kwenye shimo la maji ya chumvi lisilofika magotini, na Mize yuko hatua mia moja tu amempa mgongo. Raya alizaliwa nacho vile vile. Lakini mlezi wa Raya aliijua degedege nusu saa kabla haijaja, akamlaza ubavu, akamwita mama. Miaka mitatu Raya hakuanguka vibaya hata mara moja. Leo aje mtu asiyezaa amvue mtoto pumzi yake mkononi?

"Niambie vizuri, mama," Mize akasema, na sauti ilimtoka ndogo. "Jumapili. Mimi nilikuwa wapi?"

"Mkononi. Ukasema twende skuli, tukaenda. Ukasema ile kamba iondoe kwenye ndoano, nikaiondoa. Ukasema sukuma mfuniko, ukanisubiri maana ni mzito. Halafu komeo likanibana. Ukasema pole."

"Na Fundi?"

"Alikuwa anaita. Ukasema nisimsikilize, anacheza."

3

Alimpeleka mtoto kwa jirani akachote maji, na bangili akaivua kwa kisingizio cha kuisafisha. Ilikuwa inavulika kwa robo saa tu. Zaidi ya hapo ilianza kulia. Mize akaiweka mezani, akafunga mlango, akaiinamia.

"Wewe."

"Nipo," ikasema sauti yake.

Miaka mitatu aliisikia kwa mbali, ikimwambia Raya mambo ya watoto. Hakuwahi kukaa nayo uso kwa uso. Ilikuwa na ule mkwaruzo wa koo alioupata kwenye moshi.

"Ulimfanya nini mwanangu?"

"Nilimlinda. Jumamosi jioni uliniusia. Nikusomee?" Na bila kungoja ikasoma, ikivuta pumzi palepale alipovuta yeye: "Yule mwanamke akikuzima, mwanangu atakufa kama kaka yake. Bora afe yeye. Fanya lolote unaloweza, mimi sina nguvu."

Mize aliyakumbuka. Aliyasema huku analia, amejifunika shuka, na baada ya kuyasema alijisikia mwepesi akalala.

"Nilifanya ninaloweza," sauti ikaendelea. "Mikono sina. Raya alifunga tu. Maji niliyafungua mimi. Hilo usimbebeshe mtoto."

"Ulimwacha anagonga?"

"Dakika arobaini. Mvua ilikuwa inapiga mabati, hakusikika."

Ilisema hivyo kama mtu anayetoa habari njema. Mize akaziba mdomo kwa ncha ya kanga.

"Nisikilize," sauti ikasema, na sasa ikawa ile laini aliyokuwa akiitumia Raya akiwa na homa. "Boti inakuja Alhamisi. Watamchukua Bakati. Bakati hana mke, hana mtoto, mama yake keshakufa. Ukinyamaza, anaondoka mtu mmoja asiye na wa kumlilia. Ukisema, watanizima mimi na kumchukua Raya wakamhoji, na huko atakakolala hakuna atakayejua anapotaka kuanguka. Kaka yake alianguka mara moja tu, ikatosha. Mimi ni wewe, Mize. Najua utakachokifanya."

Lililomtisha zaidi ni kwamba haikuwa imekosea. Alikuwa ameshaanza kulifikiria hilo hilo, kwa maneno hayo hayo, kabla halijatamkwa.

Mlango ukagongwa. Bangili ikaanza kulia. Mize aliichukua, akatoka, akamvisha mtoto mwenyewe kwa mikono yake.

4

Jumanne sheha aliwaagiza wanawake wampelekee Bakati chakula kwa zamu, na zamu ya mchana ikamwangukia Mize. Walikuwa wamemfungia kwenye ghala la chumvi, mkono mmoja kwenye nguzo. Bakati alikuwa mchukuzi wa magunia, mrefu kama mnazi usiozaa, mtu wa utani hata msibani. Ushahidi wote dhidi yake ulikuwa maneno yake mwenyewe. Alimposa Salha mara tatu, mara tatu akakataliwa, na Ijumaa mbele ya duka akamwambia, "Utajuta wewe kuja hapa." Tena funguo za skuli alikuwa nazo yeye.

Alifunua bakuli, akanusa. "Dada Mize, wali umeungua. Au huu ndio wa wauaji?"

"Kula, kaka."

"Nakula. Sijasema sili." Akala vijiko viwili, akaacha. "Wewe uliniona. Tulishika turubai moja."

"Nilikuona."

"Nimemwambia sheha. Sheha kasema nilimuua kabla ya mvua, halafu nikaja kushika turubai nipate mashahidi. Mimi, akili hiyo naitoa wapi? Kuku wangu mwenyewe nampelekea jirani anichinjie."

Mize akalisogeza bakuli karibu naye. Bakati alimtazama, na utani ukamwisha usoni taratibu kama maji yanavyokauka shambani, mpaka ikabaki chumvi.

"Wewe ndiye uliyemwosha. Najua hamsemi. Sikuulizi mengine. Niambie hili tu: alipata tabu?"

Hapo ndipo mahali ambapo mtu angeweza kusema. Kulikuwa hakuna mtu ghalani ila wao wawili, na hakuna bangili. Mize alifungua mdomo, akamwona Raya amelala chali kwenye shimo la maji ya chumvi, macho meupe, akaufunga.

"Hakupata tabu," akasema.

"Alhamdulillahi," Bakati akasema, akageukia nguzo, akalia kimya kimya kama mtu anayeona haya.

Mize alifika nyumbani hajui amepita njia gani. Alasiri nzima aliwatazama watoto wa jirani wakicheza mdako, kila mmoja na utepe wake mweusi mkononi. Mtoto wa kike wa Mtumwa, mwanamke wa mtaa wa pili, alidondosha jiwe, akainua mkono sikioni, akasikiliza, akatikisa kichwa kukubali. Kisha akainuka, akaenda kukaa mbali na mwenzake bila kuaga. Mwenzake akabaki anamtazama. Pengine mamake alitia usia kwamba nyumba ile wana kikohozi. Pengine alisema kubwa kuliko hilo. Nani ajuaye wanawake thelathini wamenong'ona nini kwa miaka mitatu, wamechoka, wamekasirika, hawana wa kuwasikiliza? Na mlezi wa Raya alikuwa ameshawafundisha wenzake kwamba njia ipo.

Atakuja fundi mwingine. Mikono ya watoto ni mingi.

5

Jumatano asubuhi alimwita Raya jikoni, kisu amekificha chini ya paja. Alitaka kuikata ile bangili upesi, mtoto asipate kuogopa. Alimshika kiganja, akamgeuza mkono juu.

"Raya, kimbia," mkono ukasema. "Huyo si mimi."

Mtoto akamtazama mamake, akakiona kisu, akajinyofoa. Alipita mlango wa nyuma kama paka.

Mize alimkimbiza mpaka mashamba ya chumvi. Mbingu ilikuwa imeshuka, rangi ya risasi, na mashimo ya maji yalikuwa yamelala mistari kwa mistari, yote rangi hiyo hiyo. Raya alikuwa anakimbia juu ya kingo nyembamba za udongo katikati ya mashimo, na kila mguu wake ulipoteleza moyo wa Mize uliteleza nao.

"Raya, rudi kwangu!"

"Raya, usirudi," mkono ukasema, kwa sauti ile ile, kwa nguvu ile ile.

"Mimi ndiye mama yako!"

"Mimi ndiye mama yako."

Mtoto akasimama ukingoni. Alimtazama mwanamke aliyetweta mbele yake, akautazama mkono wake, uso ukaanza kumkunjika. "Semeni mmoja mmoja," akasema.

Mize alikuwa ameshavuta pumzi aite tena. Akaisikia bangili nayo inavuta pumzi. Ile sauti ilikuwa imekwisha kuwa yake na isiyo yake. Kila neno ambalo angelisema, lingemrudi. Akaitema pumzi bila neno. Akachuchumaa palepale kwenye tope, akakitupa kisu mbele ambapo mtoto angekiona, akaitandaza kanga yake kwa mikono miwili, kama alivyoitandaza kila jioni tangu Raya ajifunze kusimama, akitoka kuoga analia baridi.

Bangili ikasema mengi. Ikasema huyo ni mwizi, ikasema hesabu hadi kumi uruke, ikabembeleza, ikakaripia. Mize hakujibu hata moja. Machozi yalimshuka na makamasi, hakuyafuta, kwa kuwa angeyafuta ingebidi aishushe kanga.

Raya alikuja hatua moja. Akaja ya pili. Alipofika karibu alinusa kwanza, moshi na ndimu na jasho, ndipo akaingia.

Alikaa humo muda mrefu. Mwishowe alinyoosha mkono mwenyewe. Mize alikiokota kisu, akakata, akakitupa kile kibangili shimoni, nacho kikazama kinaendelea kuita "Raya, Raya," na mapovu yakapanda juu.

"Nikianguka, nani ataniambia?" mtoto akauliza.

"Nitakuangalia."

"Usiku je?"

Mize alitaka kumwambia neno la kumtuliza, akaona amechoka na maneno ya kutuliza. "Sijui, mwanangu," akasema. Akambeba mgongoni, akamfunga kwa kanga, akaelekea kwa sheha, kwenye hitima ya Salha.

6

Hitima ilisomwa nyumbani kwa Sheha Faki, wanaume barazani, wanawake ndani ya ukumbi, milango wazi. Watoto walikuwa nje uwanjani wakicheza, maana kisiwa hakina pa kuwapeleka. Bakati aliletwa kusikiliza dua, amefungwa mikono, akaketishwa karibu na viatu. Dua ilipokwisha, kabla sahani hazijashushwa, Mize alisimama.

"Mfungulieni Bakati."

"Mama Raya, kaa," sheha akasema. Alikuwa mtu mpole, asiyependa jambo ambalo halimo kwenye ratiba. "Kesho serikali inakuja."

"Salha alikufa wakati wa mvua. Mimi nilimwosha. Kucha zake zilivunjika kwa kugonga mfuniko, na mfuniko haufikiwi mpaka maji yajae. Mvua inapiga, Bakati alikuwa na sisi sote chumvini."

Ukumbi ukaingia minong'ono. Mwosha maiti kusema aliyoyaona, jambo hilo halikuwahi kusikika Mwambawima. Mtumwa akasema kwa sauti ya kusikiwa, "Basi mimi nikifa nitupeni baharini, kuliko kuoshwa na gazeti." Wawili watatu wakacheka. Macho yote yakamgeukia Bi Time, aliyekaa pembeni na tasbihi yake.

Bi Time alivuta ushungi mpaka ukamfunika uso wote.

"Kucha zote kumi," akasema kutoka humo ndani.

Hakuna aliyecheka tena.

"Kama si Bakati ni nani?" sheha akauliza.

Mize alimhisi Raya mgongoni, uzito wake, pumzi yake shingoni. Akasema. Aliwaeleza komeo lilifungwa na mkono gani na mkono ule ulitumwa na sauti gani, na usia ule ulitiwa na nani, kwa maneno yapi. Hakujipunguzia hata moja. "Mkitaka mtu wa kumpa serikali, mimi hapa. Mtoto alimtii mamake, ndivyo nilivyomlea."

Wanawake hawakumtazama yeye. Alitazamia matusi, lakini kila mmoja alikuwa ameinamia mkeka, na midomo ya wengine ilikuwa inacheza, wanakumbuka. Mtumwa, aliyekuwa akicheka sasa hivi, alishika kifua.

"Mimi nilimwambia kuhusu mke mwenzangu," akasema polepole. "Yule aliyeanguka ngazini mwezi wa Rajabu. Nilisema maneno. Ya hasira tu."

Sheha akasogea mpaka mlangoni mwa ukumbi.

"Na huo mtambo," sheha akauliza, "uko wapi sasa?"

"Ulipokuwa. Salha hakuwahi kuuzima. Unatusikia."

"Unatusikia kwa wapi? Humu hamna bangili."

Mize akanyoosha kidole mlangoni. Nje, kelele za watoto zilikuwa zimekatika. Watoto karibu hamsini walikuwa wamesimama uwanjani kila mmoja mahali mchezo ulipomwachia, mkono wa kushoto sikioni. Mpira ulikuwa bado unabiringika.

Ndipo kila mwanamke katika ule ukumbi alipoisikia sauti yake mwenyewe ikitoka nje, inamwita mwanawe jina la nyumbani. Njoo, baba. Njoo, kipenzi. Twende skuli. Twendeni wote.

Watoto wakaanza kwenda. Hawakukimbia. Walikwenda kwa mstari, wakubwa wamewashika wadogo mikono, kama walivyofundishwa.

Kina mama walitoka kwa kishindo, wakikanyaga viatu, wakiita. Na kadiri walivyoita ndivyo uwanja ulivyojaa sauti zile zile mara mbili, njoo na usije, rudi na usirudi, mpaka watoto wadogo wakaanza kulia na kukimbia, wakiwakimbia wale waliokuwa wanakuja nyuma yao.

"Nyamazeni," Mize akasema. Akamshika Mtumwa bega, akamziba mdomo kwa kiganja. "Nyamazeni nyote. Kila mnachosema kinasemwa na mlezi pia. Nendeni na mikono yenu."

Ilichukua muda. Ni vigumu kumwona mwanao anapotea usimwite jina. Lakini mmoja alifunga mdomo, na wa pili, wengine wakiuma ncha za kanga. Sheha alikuwa amemfungulia Bakati bila kuambiwa mara ya pili, na Bakati, mikono ina alama za kamba, akatangulia kwa ile miguu yake mirefu.

Waliwakuta nyuma ya skuli. Watoto wote walikuwa wamekaa juu ya mfuniko wa birika na kandokando yake, wamebanana, magoti kwa magoti, ili pasipatikane pa kutia mkono kuufungua. Chini yao maji yalikuwa yanasikika yakipita kwenye mtambo. Mikononi mwao mama zao walikuwa wanawaimbia.

Bakati alisimama, hajui amshike nani. Kina mama wakampita. Walikwenda polepole, wakachuchumaa kwenye tope, mmoja mmoja, kila mmoja mbele ya wake, wakafungua kanga zao wakazitandaza. Mtoto wa Mtumwa alimtazama mamake, akautazama mkono, akauliza mama ni yupi. Mtumwa aliuma midomo mpaka ikatoka damu, na hakujibu.